Pesa za moyo wa mtoto zimebaki mkononi mwangu

Shangazi, assalamu alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nasomesha skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Nna mume na watoto watatu. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa mtaani sina wa kumwambia. Kila nnayemwamini yumo ndani ya jambo hili.

Mwaka jana mtoto wa jirani yangu, msichana wa miaka minne, aligundulika ana tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi tatu tu anahema kama aliyekimbizwa. Baba yake ni mvuvi na wakati ule yumo dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, pesa yake haina siku. Mama yake alikuwa anauza bajia na mihogo ya kukaanga jioni. Mtoto alipozidiwa akaacha biashara, ikawa kazi yake kumbeba mgongoni: leo hospitali ya Wete, kesho Chake Chake, wiki ijayo boti ya Unguja. Mwisho ikaamuliwa apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe.

Tukafungua kundi la WhatsApp. Nikachaguliwa mshika fedha kwa kuwa ni mwalimu, na namba iliyosambazwa ni yangu mwenyewe. Picha ya mtoto niliipiga mimi. Nilimvua fulana ili watu waone mbavu zinavyoingia ndani akivuta pumzi. Mama yake aliniangalia, hakusema kitu.

Ilikuwa Ramadhani, na watu wetu Ramadhani mikono inakuwa myepesi. Pesa zilikuja kutoka Unguja, Dar, Mombasa, Muscat, London. Mmoja wa Muscat alituma milioni moja peke yake. Kuna waliotuma elfu moja wakaongeza na ya kutolea. Mtoto mmoja wa chuo cha Kurani alinipa sarafu ya mia tano imekunjwa kwenye karatasi ya daftari. Wengi hawakutaka watajwe, nimewaandika "mpenda kheri" mara sitini na kitu. Kwa wiki tano walichangia watu 214, jumla shilingi 9,870,000.

Walipofika Dar, sehemu kubwa ya gharama za upasuaji ikabebwa na wafadhili. Sisi tukalipa hospitali 3,100,000. Nauli, chumba na chakula kwa wiki saba ni 1,780,000. Dawa na vipimo 560,000. Makato ya kutuma na kutoa 80,000. Imebaki 4,350,000. Mtoto alhamdulillahi anakimbia na wenziwe, juzi kavunja chungu changu cha maua na wala sikumkaripia.

Wamerudi miezi miwili sasa na sijawaambia kundi kuwa kuna baki.

Mama mtoto alinijia usiku baada ya isha. Alikaa karibu na mlango, akasema huku akiangalia mkeka. Anataka hizo pesa anunue friji na jiko, aanze tena biashara, auze na barafu. Deni la dukani limemfika shingoni. Nikamwambia nitamjibu. Mpaka leo kila nikimwona napita njia nyengine.

Kumbe kuna watu wanahesabu wenyewe. Aliporudi Dar alivaa kanga mpya, doti aliyopewa na dada yake. Siku ile ile mtu akaandika kwenye kundi: "Tulichangia moyo, hatukuchangia kanga." Watu wakaweka vicheko. Yumo kwenye kundi, ameyasoma. Yule wa Muscat naye ameniandikia pembeni: kama kuna kilichobaki kipelekwe kwa mtoto mwengine wa Micheweni, ana uvimbe na wazee wake wanahangaikia safari ya Dar. Mume wangu anasema rejesha kila mtu chake, uondokane na balaa.

Shangazi, kuna jambo jengine. Mwezi wa Januari, skuli zinafunguliwa na mshahara haujaingia, nilichukua 150,000 kwenye zile pesa nikawashonea wanangu sare. Nilizirudisha baada ya siku kumi na moja, zote. Hakuna anayejua, hata mume wangu. Lakini nikitoa hesabu wakataka kuona taarifa ya miamala, itaonekana. Ndiyo maana nanyamaza, na ninavyozidi kunyamaza ndivyo nnavyozidi kuonekana mwizi machoni mwangu mwenyewe.

Nimpe mama mtoto? Nirejeshe? Niwape wa Micheweni? Na ile laki na nusu niitaje?

Mshika fedha, Wete

*

Wa alaykumu salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ile sarafu ya mia tano. Mtu anayekumbuka mia tano ya mtoto wa chuoni ilivyokunjwa si mtu anayechezea amana. Nalitanguliza hilo kwa sababu nnakotaka kukupeleka kuna mahali patauma.

Unavyolieleza jambo lako ni hivi: kuna pesa zilizobaki, kuna watu watatu wanaozitaka kwa njia tatu, na wewe uchague. Mimi nnaona umefunga mafundo mawili kwenye kamba moja. La kwanza ni pesa hizi ni za nani. La pili ni laki na nusu. Fundo la pili ndilo linalokuzuia usiliguse la kwanza. Lau usingechukua zile pesa za sare, ungeshatangaza baki siku ya pili baada ya boti kufunga gati, na huyu mama asingekuwa anachekwa kwa kanga za dada yake huku hesabu iliyo wazi ya kumtetea umeikalia wewe.

Sikwambii hivi kukuumiza. Nataka uone kuwa ukimya wako una mtu mwengine anayeulipia.

Tuanze na hilo neno, "zimebaki". Umeuliza hospitali? Mtoto aliyepasuliwa moyo kwa kawaida anarudi kliniki, anaangaliwa moyo kwa mashine, pengine anaendelea na dawa. Kila safari ni boti kwenda na kurudi, na kwa mtu wa Pemba kufika Dar si mchezo wa asubuhi na jioni. Wafadhili waliobeba upasuaji si lazima watabeba na nauli ya mwezi wa sita. Kabla hujagawa hata shilingi, kaa na mama mtoto mtoe ile karatasi aliyopewa wakati wa kuruhusiwa, muone tarehe zilizoandikwa na dawa zilizoandikwa. Huenda ukakuta milioni moja na nusu kati ya hizo bado ina kazi yake ile ile iliyochangiwa. Huenda ukakuta zaidi.

Halafu kuna gharama ambayo hukuiandika kwenye daftari lako kwa sababu haina risiti. Huyu mama alikuwa na biashara. Ilikufa kwa sababu alikuwa anambeba mtoto mgongoni kutoka hospitali hadi hospitali. Lile deni la dukani unadhani lilikuja vipi? Ni unga, mafuta na sukari ya miezi ambayo hakukaanga bajia hata moja. Mimi sijui kuutenganisha ugonjwa wa mtoto na njaa iliyokuja nyuma yake. Wapo watakaokwambia wanajua. Uwasikilize na wao, wana haki ya kusema, lakini usiingie kwenye kikao ukiwa umeshakubali kuwa moyo ni kitu kimoja na friji ni kitu chengine kabisa.

Sasa fungua simu yako, usome ujumbe wa kwanza ulioutuma. Nakuomba uusome neno kwa neno. Uliandika "tuchangie upasuaji wa mtoto huyu"? Au uliandika "tumsaidie mama huyu na mtoto wake"? Visiwani kwetu wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwenye vitabu vya fiqhi ya madhehebu hayo kuna mfano nnaoupenda. Mtu kampa mwenzake dirhamu, kamwambia: kanunue kilemba. Ikiwa kamwona yuko kichwa wazi na akakusudia hasa afunike kichwa chake, pesa ile inunue kilemba. Lakini ikiwa neno "kilemba" lilikuwa la adabu tu, kama sisi tunavyosema "chukua hii ya soda", basi aliyepewa afanye anavyotaka. Mizani iko kwenye kusudio la mtoaji. Na wewe una watoaji 214. Wengine walimwona mtoto kichwa wazi, wengine walikuwa wanampa mama yake ya soda.

Tena ilikuwa Ramadhani, mwezi ambao wengi hutoa zaka zao. Sitoshangaa kama ndani ya ile milioni moja ya Muscat, au ndani ya wale "wapenda kheri" wako, kuna zaka. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, na mafakiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa. Zaka akishapewa masikini inakuwa mali yake, hapangiwi anunue nini. Ila hapa imepitia kwako, na swali ni kama ilishamfikia au bado iko njiani. Hilo mimi siliwezi, na nisingependa ulimalize kwa jibu la mtu wa kwenye kundi. Nenda kwa sheikh unayemwamini au Ofisi ya Mufti, uende na ujumbe wako wa kwanza umeuandika kwenye karatasi pamoja na hesabu. Ukienda na maneno ya kukumbuka utajibiwa juu ya maneno ya kukumbuka.

Nizungumze kidogo juu ya kanga, maana hili limenikera.

Kuna ugonjwa umetuingia tangu michango ianze kupita kwenye simu. Zamani mtu akifiwa au akiuguliwa unapeleka kilo mbili za mchele, unazitua uani, unaondoka. Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikiwa safarini kuja Pemba, nakumbuka watu walivyobeba mashuka na nguo, na sikumsikia mtu aliyerudi wiki ya pili kuuliza ile shuka yangu umeifanyia nini. Leo tunatuma elfu tano, jina letu linawekwa alama ya tiki, na kuanzia hapo tunajiona tuna hisa kwenye maisha ya mtu. Akicheka tunauliza kapata wapi cha kuchekea. Tunataka abaki na sura ile ile ya kwenye picha, ili tuamini kuwa pesa yetu ilikwenda pahali pake. Suratul Baqara aya ya 264 inatukataza tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Neno "kanga" lililoandikwa kwenye kundi lenu, na vicheko vilivyofuata, ni masimbulizi. Aliyeandika pengine ni mtu mwema aliyechoka kuona michango ikiliwa, na kwa kweli michango imeliwa mara nyingi, hofu yake haikutoka hewani. Lakini hofu hiyo dawa yake ni hesabu ya mshika fedha. Nguo za mama mtoto hazimo.

Na wewe mwanangu, jiulize kwa nini ombi la mama huyu limekutia wasiwasi. Ni kwa kuwa alikuja usiku? Mimi nnaona alikuja usiku kwa haya. Alikaa mlangoni akaangalia mkeka kwa sababu wewe ndiye uliyeshika, na yeye ndiye anayeomba pesa zilizoombwa kwa mgongo wa mwanawe. Angekuwa mwalimu mwenzako, angekaa wapi?

Tuzitazame njia zenyewe.

Ukimpa zote kimyakimya, utampunguzia dhiki leo. Friji haifichiki, itaonekana wiki hiyo hiyo, na safari hii hamtasemwa kwa kanga, mtasemwa kwa wizi, nyinyi wawili. Tena kama kliniki bado ipo, mwezi wa sita utaanza kuchangisha upya na hutampata mtu.

Kurejesha ni safi kwa maneno, kwa vitendo ni taabu. Wale wapenda kheri sitini utawarejeshea wapi? Elfu moja ikikatwa ya kutuma inafika ngapi? Wengi watakwambia kilichotoka kwa ajili ya Mungu hakirudi mfukoni. Ila katika ushauri wa mumeo kuna kitu cha kuchukua: mtoaji apewe nafasi ya kusema. Anayetaka chake kwa uwiano wa kilichobaki ajitokeze ndani ya siku kadhaa, apewe, bila ya kununiwa.

Mtoto wa Micheweni. Hapa roho inaniuma kama yako, kwa sababu haja yake ni ya kweli na ya haraka, na nikifikiria uvimbe sioni friji. Lakini tazama na upande wa pili: kumsaidia mtoto wa pili kwa pesa zilizoombwa kwa picha ya mtoto wa kwanza, bila ya mama yake kuulizwa, ni kumfanya asiwe na kauli hata juu ya lililompata yeye. Mumuulize. Watu waliowahi kuombewa mara nyingi ni wepesi wa kutoa kuliko tunavyowadhania. Huenda yeye ndiye atakayesema kiasi gani kiende Micheweni, na neno lake likatuliza kundi kuliko la kwako au la yule bwana wa Muscat. Huyo bwana ana haki ya kupeleka anapotaka fungu lililobaki la milioni yake. Zilizobaki za wengine si zake.

Pia si lazima fungu liwe moja. Kuna cha kliniki kinachowekwa kando, kuna cha kumnyanyua mama, kuna cha Micheweni au cha wanaotaka warejeshewe. Wapi paanzie na paishie, hilo ni la mama mtoto, watoaji na sheikh mtakayemuuliza. Wewe kazi yako ni kulileta mbele yao likiwa halina kificho.

Na ndipo tunaporudi kwenye laki na nusu.

Ulizirudisha, na hilo lina uzito wake. Lakini pesa ya amana haikuwa yako ya kukopa hata kwa saa moja, nawe unajua, ndiyo maana siku kumi na moja umezihesabu moja moja. Unaweza kutoa hesabu bila ya kulitaja, na jumla itakuwa sahihi. Pengine hakuna atakayedai taarifa ya miamala. Lakini akidai mmoja, kosa la sare litageuka kosa la kuficha, na hapo hata zile 80,000 za makato zitaonekana za uongo. Ukilisema mwenyewe, wapo watakaokusema sokoni na pengine skuli, na sitakuficha kuwa wapo wasiosamehe. Kuna njia ya katikati: uanze na watu wachache. Mumeo kwanza, kwa sababu hukumpa nafasi ya kujua kuwa Januari ilikushinda, na huenda naye ilimshinda kimya kimya. Kisha mama mtoto. Kisha wazee wawili wa kundi wanaoheshimika, au sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, wakae nawe waione taarifa nzima kabla ya kupelekwa kwa watu. Kama wao watasema litajwe kwa wote, utakuwa husimami peke yako. Kama watasema yatosha, utakuwa umelitoa kifuani kwa watu wenye haki ya kulisikia. Mimi moyo wangu unaelemea kwenye kusema. Gharama yake lakini ni ya kwako na ya wanao, si yangu mimi nilokaa mbali nimeshika kalamu, kwa hivyo sitakulazimisha.

Lolote utakaloamua, pesa zile zitoke kwenye namba yako. Ziwekwe akaunti ya benki yenye saini zaidi ya moja. Hata ikichukua wiki mbili kuifungua, leo hii andika karatasi: kiasi kilichopo ni hiki, ni amana, si mali yangu, na umwoneshe mumeo unapoiweka. Ukifa usiku huu, Mungu akuepushe, 4,350,000 zitaingia kwenye mirathi yako na mtoto yule atadai kwa nani?

Kuna jambo moja halihitaji kikao wala sheikh. Ile picha uliyompiga mtoto kifua wazi bado inazunguka. Mwakani ataingia skuli, pengine ya kwako, na wenziwe wana simu za mama zao. Nenda kwa mama yake mchana, upite njia ile ile unayoikwepa, umwombe radhi kwa fulana uliyoivua, kisha uandike kwenye kundi kuwa mama ameomba picha ifutwe.